Noti ya Zaire Milioni Tano: Fedha, Jina na Imani ya Umma

Watu wanapozungumzia utamaduni wa taifa, aghalabu hutaja ngoma, lugha, mavazi, sanaa za mikono na mapokeo ya wazee. Ni nadra kusikia noti ya benki ikitajwa miongoni mwa mambo hayo. Hata hivyo, katika nchi nyingi zilizopata uhuru katika karne ya ishirini, noti ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo serikali mpya ilivitumia kujitambulisha kwa wananchi wake. Bendera hupepea ofisini na shuleni. Noti huingia mfukoni mwa mkulima, mkononi mwa mchuuzi na katika mahari ya binti. Picha iliyochapwa juu yake hutazamwa kila siku hata na mtu asiyejua kusoma. Kwa sababu hiyo noti ni hati ya historia, na yafaa isomwe kwa makini kama tusomavyo hati nyingine.

Katika insha hii tutaichunguza noti moja ya jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: noti ya zaire 5,000,000, yenye tarehe ya 1 Oktoba 1992. Upande wa mbele imechapwa sura ya Rais Mobutu Sese Seko pamoja na chui, mnyama aliyekuwa alama ya utawala wake. Siku hizi noti hiyo hutafutwa na wakusanyaji wa fedha za kale, nao huiweka katika majalada yao kando ya noti za Ujerumani za mwaka 1923 na noti ya Zimbabwe ya dola trilioni 100 ya mwaka 2009. Wengi huipenda kwa wingi wa sifuri zake. Sisi tunaitazama kwa sababu nyingine. Noti hii ilitolewa na Benki Kuu, ikachapwa sura ya mkuu wa nchi, ikalindwa na sheria pamoja na bunduki. Na bado umma uliikataa. Yatupasa tujiulize: ni kitu gani basi kinachoipa noti thamani yake?

Fedha kabla ya noti

Watu wa bonde la Kongo hawakufundishwa maana ya fedha na wakoloni. Katika ufalme wa Kongo, uliokuwa karibu na mlango wa mto mkubwa, watu walitumia simbi ndogo zilizoitwa nzimbu. Simbi hizo ziliokotwa katika kisiwa cha Luanda, na mfalme alikuwa na mamlaka juu ya uokotaji wake. Kwa kuwa hazikupatikana ovyo, ziliaminika. Wafanyabiashara wa Kireno walipoanza kuleta simbi nyingine kwa merikebu, hata kutoka Brazili, nzimbu zilizagaa na thamani yake ikashuka. Kwa hiyo karne kadhaa kabla ya Benki Kuu yoyote kuanzishwa Kinshasa, watu wa eneo lile walikwisha kuonja uchungu wa fedha iliyozidi kiasi.

Upande wa kusini, katika Katanga, mafundi waliyeyusha shaba na kuisubu katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ya shaba ilisafiri mbali, ikanunua bidhaa na kulipia mahari. Thamani yake ilikuwa katika shaba yenyewe pamoja na jasho la fundi. Tunataja mifano hii miwili ili ieleweke kwamba fedha ya kale ilikuwa na mpaka wake: simbi haikuongezeka kwa amri, wala shaba haikuchimbwa kwa kalamu. Noti ya karatasi haina mpaka wa namna hiyo. Mpaka wake ni uaminifu wa wale wanaoichapa.

Kuzaliwa kwa zaire

Kongo ilipata uhuru kutoka kwa Ubelgiji tarehe 30 Juni 1960. Siku hiyo faranga ya Kongo ilikuwa sawa na faranga ya Ubelgiji. Vurugu zilizofuata zinajulikana: maasi ya jeshi, kujitenga kwa Katanga, kuuawa kwa Waziri Mkuu Patrice Lumumba mnamo Januari 1961, na vita vya miaka kadhaa. Serikali zilizokosa kodi zilijaza pengo kwa kuchapa noti. Mwaka 1967 ilihitajika faranga 10 za Kongo kupata faranga 1 ya Ubelgiji.

Mobutu alikuwa ametwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mnamo Juni 1967 serikali yake ilifuta faranga na kuanzisha fedha mpya iliyoitwa zaire. Zaire 1 ilichukua nafasi ya faranga 1,000, nayo ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Iligawanywa katika makuta 100, na kila likuta katika sengi 100.

Majina haya hayakuchaguliwa kibahati nasibu. Makuta ni jina la kale la kipimo cha thamani katika pwani ya Kongo na Angola. Zaire ni matamshi ya Wareno ya neno la Kikongo lenye maana ya mto. Yafaa wanafunzi wakumbuke kwamba fedha ndiyo iliyotangulia kupewa jina hilo. Nchi yenyewe ilibadilishwa jina baadaye, tarehe 27 Oktoba 1971. Ndipo siasa ya kurudi kwenye uasilia iliposhika kasi. Watu walitakiwa kuacha majina ya Kizungu, suti na tai zikakatazwa, na jimbo la Katanga likaitwa Shaba, kwa neno la Kiswahili la madini yake.

Haingekuwa haki kuidharau nia hiyo. Taifa changa lilikuwa na haki ya kuondoa majina ya mabwana wa zamani na kuweka yake, na kwa miaka michache zaire ilistahili heshima iliyopewa. Shaba iliuzwa kwa bei nzuri, na migodi ya Katanga ilikuwa imetaifishwa mwaka 1967. Jina la kiasili lilikuwa na mali nyuma yake. Tatizo lilianza pale mali ilipotoweka na jina likabaki.

Njia ya kuporomoka

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na viwanda vidogo vya wageni vitatwaliwa na wananchi. Tangazo lilipendeza masikioni, lakini mali nyingi ziligawiwa wakubwa wa serikali na wa chama chake. Hawakuwa na ujuzi wala nia ya kuziendeleza. Maduka mengi yaliuza akiba iliyokuwamo kisha yakafungwa. Kabla ya jeraha hilo kupona, bei ya shaba duniani ilianguka kuanzia mwaka 1974. Madeni ya nje yakalimbikizana.

Mwishoni mwa Desemba 1979 serikali ilifuta ghafla noti za zaire 5 na zaire 10, ikawapa watu siku chache tu kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa kikomo. Waliokuwa karibu na benki, na waliokuwa na jamaa ndani ya benki, walijiokoa. Mkulima wa kijijini aliyekuwa ameficha akiba yake ndani ya nyumba alibaki na karatasi. Tunalitaja tukio hili kwa sababu hesabu za uchumi hazilionyeshi vya kutosha: lilikuwa somo la kwanza kwa umma kwamba ahadi iliyochapwa juu ya noti yaweza kuvunjwa kwa tangazo la redio.

Baada ya hapo mteremko ulizidi ukali. Mnamo Septemba 1983 thamani ya zaire ilipunguzwa kwa zaidi ya robo tatu kwa siku moja. Kampuni ya migodi ya serikali, Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, ilinyonywa fedha bila ya kufanyiwa matengenezo. Mnamo Septemba 1990 sehemu ya mgodi mkubwa wa Kamoto iliporomoka. Kufikia mwaka 1994 shaba iliyopatikana haikufika tani 50,000. Wakati huohuo nchi za kigeni zilizokuwa zikimsaidia Mobutu zilianza kumwacha, hasa baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi kushambuliwa na kuuawa mnamo Mei 1990.

Serikali ikabaki na njia moja tu ya kulipa askari na watumishi wake, nayo ni mtambo wa kuchapa. Ili tuelewe kilichofuata, tuifikirie fedha kuwa ni pishi ya kupimia nafaka. Pishi ikiwa ileile leo na kesho, muuzaji na mnunuzi huelewana. Lakini ikiwa kila usiku mtu huingia ghalani akaipunguza kidogo, wauzaji hupandisha bei ili kujikinga. Bei zikipanda, mshahara hautoshi. Mshahara usipotosha, serikali huongeza mshahara kwa kuchapa noti zaidi. Noti zikiongezeka, bei hupanda tena. Kodi inayokusanywa mwezi huu huwa haina maana mwezi ujao, na serikali huchapa zaidi kufidia upungufu. Mwishowe hakuna atakaye kulala na noti ndani ya nyumba. Kila mtu hukimbilia kununua chumvi, mafuta, kitambaa au dola, na mbio hizo zenyewe huzidisha kuporomoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1991 bei katika Zaire zilipanda kwa wastani wa zaidi ya asilimia 2,000. Mwaka 1992 kwa zaidi ya asilimia 4,000. Na mwaka 1994 kwa zaidi ya asilimia 23,000.

Noti iliyokataliwa

Wakati huo palikuwa na mgogoro wa madaraka pia. Mnamo Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa, uliokutanisha vyama, makanisa na makundi ya wananchi, ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri Mkuu. Mobutu hakukubali kumwachia hazina wala jeshi, na mwisho wa mwaka nchi ilikuwa na mamlaka mbili zinazopingana. Katika hali hiyo ndipo Benki Kuu, iliyokuwa mkononi mwa Mobutu, ilipoitoa noti ya zaire milioni 5. Tshisekedi alitangaza kwamba noti hiyo si fedha halali.

Tuitazame thamani yake. Kwa kima cha mwisho wa mwaka 1992, dola 1 ya Marekani ilipata karibu zaire milioni 2. Kwa hiyo noti ya zaire milioni 5 ilikuwa na thamani ya kama dola 2 na nusu. Miaka 25 kabla yake, kiasi kinachokaribia hicho kilikuwa thamani ya zaire moja.

Mwishoni mwa Januari 1993 askari wa Kinshasa walilipwa mishahara kwa noti hizo. Walipokwenda sokoni, wafanyabiashara walizikataa. Baadhi yao walitii agizo la Tshisekedi. Wengine walijua tu kwamba wakizipokea, hawatapata wa kuwapa. Askari wakageuza hasira yao kuwa uporaji. Maduka yalivunjwa, nyumba zikavamiwa, na watu kwa mamia wakauawa. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, alipigwa risasi akafa. Mji uliokuwa umekwisha kuporwa na askari mnamo Septemba 1991 uliporwa kwa mara ya pili.

Hapa ndipo noti yetu inapofundisha. Askari alikuwa na bunduki, na mchuuzi hakuwa nayo. Bunduki iliweza kuuchukua unga wa mchuuzi, lakini haikuweza kumfanya aamini kwamba karatasi ile ni malipo. Kuuziana kwahitaji ridhaa ya watu wawili. Ikikosekana ridhaa ya mmoja, biashara hugeuka kuwa unyang'anyi.

Watu wa Kasai

Tarehe 22 Oktoba 1993 serikali ya Mobutu ilileta zaire mpya. Zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3, na zaire mpya 3 zilikuwa sawa na dola 1. Ilidhaniwa kwamba kufuta sifuri kutaponya ugonjwa. Lakini mtambo ulikuwa uleule, na mkono uliouendesha ulikuwa uleule.

Katika majimbo mawili ya Kasai, yenye almasi nyingi na wafuasi wengi wa Tshisekedi, wananchi waliikataa zaire mpya. Waliendelea kuuziana kwa noti za zamani, ambazo kisheria zilikuwa zimekufa. Katika soko la Mbuji-Mayi noti kuukuu, zilizochakaa kwa kupita mikono mingi, zilinunua muhogo na sabuni, wakati noti mpya zinazong'aa za Kinshasa hazikutakiwa.

Twaweza kudhani kwamba huo ulikuwa ukaidi wa kisiasa tu. Hesabu zinaonyesha zaidi ya hapo. Kwa kuwa noti za zamani hazikuchapwa tena, hakuna aliyeweza kuziongeza. Zilikuwa kama nzimbu za mfalme au shaba ya Katanga. Zaire mpya ilishuka kutoka 3 kwa dola hadi zaidi ya 100,000 kwa dola mwaka 1997. Noti kubwa zilizotolewa karibu na mwisho wa utawala, hadi zaire mpya milioni 1, watu wa Kinshasa waliziita kwa dhihaka jina la tezi iliyokuwa ikimsumbua Mobutu, ambaye mwaka 1996 alikuwa akitibiwa kansa Ulaya. Noti za Kasai hazikuanguka namna hiyo.

Mobutu aliondolewa mnamo Mei 1997, na nchi ikarudia jina la Kongo. Tarehe 30 Juni 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilileta faranga ya Kongo. Faranga 1 ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Lakini huko Kasai ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 14. Tunawaomba walimu wawape wanafunzi wao hesabu hii. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1993, zaire mpya 100,000 zilikuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300. Ukigawa bilioni 300 kwa milioni 14 unapata zaidi ya 21,000. Maana yake ni kwamba mwananchi wa Kasai aliyeshika noti iliyofutwa alipata zaidi ya mara 21,000 ya kile ambacho angepata kama angaliitii sheria na kuibadilisha mapema, akaiweka akiba hiyo katika zaire mpya. Serikali mpya, kwa kukubali kima hicho, ilikiri kwamba kipimo cha sokoni kilikuwa cha kweli kuliko cha serikali ya Mobutu.

Hata hivyo tusiipambe hali ya Kasai kupita kiasi. Kuwa na fedha mbili ndani ya nchi moja ni dalili ya taifa lililopasuka. Biashara kati ya jimbo na jimbo ilikuwa ngumu, na maskini wa Kasai walibaki maskini. Walichokiokoa ni akiba yao ndogo, pamoja na haki ya kukubaliana wenyewe juu ya kipimo chao.

Jina la zamani larudi

Jambo moja la lugha lastahili kutajwa. Wasemao Kiswahili wa Bukavu, Goma na Lubumbashi huita fedha kwa neno falanga. Faranga ilifutwa mwaka 1967, lakini neno lilibaki vinywani mwa watu. Miaka 31 baadaye serikali ndiyo iliyolirudia neno la umma. Zaire, jina lililobuniwa ili liwe la mwenyeji, liliondoka pamoja na aliyelileta. Faranga, jina la mkoloni, likapokewa tena kama la nyumbani. Hapa twaona kwamba uasilia wa neno hautokani na asili yake pekee. Neno huwa letu kwa namna tunavyolitumia na kwa mambo mema au mabaya tuliyoyapata likiwa kinywani.

Noti za faranga mpya hazikuchapwa sura ya kiongozi aliyekuwa madarakani. Noti ya faranga 50 ilichapwa kinyago cha Wachokwe, na ya faranga 100 ilichapwa tembo. Lakini picha nzuri hazikutosha. Vita vilianza tena mnamo Agosti 1998, na faranga nayo ikashuka. Mwaka 2023 dola 1 ilihitaji zaidi ya faranga 2,000. Watu wengi wa Kongo wamezoea kuweka akiba zao kwa dola, na mazoea hayo ni makovu ya miaka tuliyoieleza. Imani ya umma hupotezwa kwa miaka michache, bali kuirudisha huchukua umri wa kizazi.

Funzo

Tukirudi kwenye swali letu, twaona kwamba noti hubeba mambo matatu. La kwanza ni jina na picha, ambavyo ni kazi ya utamaduni. La pili ni sheria, ambayo ni kazi ya dola. La tatu ni imani ya watu kwamba jasho la leo halitageuka kuwa bure kesho. Noti ya zaire milioni 5 ilikuwa na mambo mawili ya kwanza kwa ukamilifu. Jina lake lilikuwa la Kiafrika, chui wake alikuwa wa Kiafrika, na sheria iliyoiamuru ilikuwa ya nchi huru. Ilikosa jambo la tatu tu, na kwa kulikosa hilo ikawa karatasi ya kumwaga damu.

Hatusemi kwamba majina na alama havina maana. Taifa lisilo na alama zake huazima za wengine. Tunasema kwamba alama ni ahadi, na ahadi hudai kutimizwa. Kiongozi anayeweka sura yake juu ya noti amejidhamini mbele ya kila mkulima na kila mchuuzi. Noti ikichakaa kwa thamani, sura yake nayo huchakaa, na hakuna wimbo wa kumsifu uwezao kuifuta aibu hiyo.

Kwa hiyo mwalimu atakapoiona noti hii katika jumba la makumbusho au katika jalada la mkusanyaji, asiishie kuwaonyesha wanafunzi wingi wa sifuri zake. Awaulize ni tani ngapi za shaba zilikuwa nyuma yake, ni nani aliyeamuru ichapwe, na ni nani aliyeikataa. Wakiyajibu maswali hayo matatu, watakuwa wamejifunza sehemu kubwa ya historia ya Kongo huru.